Nakala ya Pili

Katika nakala ya kwanza, iliyogongwa muhuri,
nimeandika: kikao kilifunguliwa saa nne kamili.
Katika hii naandika kwamba saa nne kamili
meneja alikuwa bado anakunywa supu ng'ambo ya reli,
na Eliakunda Mchomvu, mtunza ghala, miaka kumi na tisa kazini,
alikuwa amesimama koridoni tangu saa moja na nusu
ndani ya koti alilonunua Kiboriloni juzi yake,
mikono ya koti mirefu kuliko mikono yake.

Magunia kumi na moja ya kahawa. Hiyo ndiyo tuhuma.
Jumatatu Bwana Kiwelu alitaka atoke siku ile ile,
mlinzi amsindikize hadi getini, watu waone.
"Mwizi haandikiwi barua," alisema. "Mwizi anafukuzwa."
Mama Ndekusara wa utumishi akafunga mlango
akasema polepole, kama mtu anayechambua mchele:
aandikiwe tuhuma, si uvumi;
asimame kazi, mshahara uendelee;
aje na mtu wake wa kumsemea;
apewe saa arobaini na nane ajiandae.

Za mwizi ni arobaini, tumezoea kusema.
Zile ni siku, za kumngojea anaswe.
Hizi zina nane zaidi, na ni saa tu,
na ni za mtu ambaye jina la mwizi
bado halijampata.

Meneja akakubali. Baadaye akaniita.
Jumatatu hiyo hiyo, saa kumi na dakika ishirini,
nilichapa barua mbili:
ya kumwita ajitetee
na ya kumfukuza.
Ya pili akaisaini, akasema niiweke kwenye droo.
Vidole ni vyangu. Siwezi kusema nilikuwa likizo.

Alhamisi tulikuwa watu sita mezani, na makapi,
maana makapi ya kahawa hapa Moshi
huingia kila kikao bila mwaliko.
Namsifu wa chama cha wafanyakazi hakupiga meza.
Aliomba kitabu cha mizani, basi.
Kikaletwa, pembe zimeliwa na panya.
Machi tatu, mwandiko wa Eliakunda, herufi zimelalia kushoto:
Mizani inazidisha kilo mbili kila gunia. Nimeripoti.
Machi tisa: Nimeripoti tena.
Machi ishirini: Mizani.
Neno hilo tu, limepigiwa mstari.

Tukakokotoa kwa kikokotoo changu, betri inafifia.
Magunia saba hayakuwahi kuwapo duniani.

Yakabaki manne. Kwa hayo manne akaulizwa.
Alinyamaza muda wa lori kuingia, kupimwa, kutoka.
Nakala ya kwanza: Mtuhumiwa alichelewa kujibu swali la sita.
Hapa: aliikunja mikono ya koti mara mbili, akasema,
"Funguo za ghala ziko tatu. Niliyopewa mimi ni moja."
Hakumtazama mtu.
Mimi nilimtazama meneja, naye alitazama dirishani
kama anayeutafuta mlima, na mlima ulikuwa umejifunika.

Sijui kama aliiba. Niandike hivyo: sijui.
Huenda yale manne yalipita kwake,
na huenda Pasua kuna mtu anayejua.
Ninachojua ni kwamba mtu aliyeitwa kusikilizwa
alikaa hatua tatu kutoka kwenye droo
iliyokwisha kumjibu.

Kikao kiliahirishwa. Mizani ikaguliwe.
Wenye funguo nao waandike maelezo.
Jioni Bwana Kiwelu akaja mezani kwangu,
sauti ya mtu anayeomba chumvi:
"Ile barua. Badilisha tarehe tu."
Nikamwambia nimeitafuta sijaiona,
labda panya.

Iko hapa, nimeibana kwa pini nyuma ya karatasi hii.
Saini yake, herufi zangu,
Jumatatu.